Neno Ambalo Masanja Hakulimaliza

Shinyanga,
Ijumaa, baada ya alasiri.

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi habari za afya yako, kwa kuwa nakusikia ukicheka na mama yako katika chumba cha pili. Mnabishana kuhusu sufuria. Yeye anataka uichukue, wewe unasema Dodoma masufuria yapo. Amepita hapa mara mbili kuona ninaandika nini. Mara ya kwanza alichungulia tu. Mara ya pili alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Kabula, unamwandikia nani?"

"Kabula."

"Kabula huyu wangu?"

"Unamjua mwingine?"

"Mtoto yuko hatua sita kutoka hapo ulipokaa! Mwite umwambie. Au na mdomo nao umestaafu?"

Nilimjibu kwamba yako mambo ambayo mdomo wangu huyapinda na kalamu huyanyoosha. "Haya, nyoosha," akasema, akarudi kwenye sufuria yake. Anajua ninachokiandika. Amekijua kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Chakula, nguo, chandarua na watu wa kuwaamkia huko uendako sitavigusa. Mama yako amevisema vyote, na vingine amevisema mara tatu. Mimi nina jambo moja, nalo linatokana na swali uliloniuliza Jumapili mbili zilizopita, swali ambalo nililijibu vibaya.

Ulikuwa umeketi kwenye meza ya chakula, kompyuta ikiwa wazi mbele yako. Ulikuwa umekwisha kutueleza kazi unayoiendea: kwamba wewe na wenzako mtatengeneza programu ya kuwasaidia waendeshaji wa gridi pale umeme unapokatika katika eneo kubwa. Ving'ora mia vinapolia kwa pamoja, programu ivisome vyote, kisha imweleze mwendeshaji kwa maneno machache nini kimetokea, kimeanzia wapi, na aanze na lipi. Mlikuwa mmepewa taarifa za matukio ya zamani ili programu ijifunze kutokana nazo. Ukanigeuzia kioo.

"Baba, hii sahihi si yako?"

Nilivaa miwani, ingawa sikuihitaji. "Ni yangu."

"Nilijua! Hakuna mwingine duniani anayeweka nukta baada ya jina lake." Ulicheka. "Sasa siku hiyo ilikuwaje?"

"Ilikuwa kama ilivyoandikwa."

"Yaani huyu fundi Masanja alirudisha umeme kwenye laini na hakusema kwamba kuna mtu juu ya nguzo? Baba, mtu anafanyaje kitu kama hicho?"

"Soma taarifa. Iko wazi."

Ukasema, "Iko wazi kweli. Ndiyo nzuri kuliko zote tulizopewa. Tutaifanya mfano wa kwanza."

Mama yako alikuwa anachambua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Hakuinua macho, wala hakuendelea kuchambua mpaka nilipotoka nje.

Kabula, taarifa ile niliiandika mimi kwa siku tatu. Kila sentensi yake ni sahihi. Kila neno lililomo ni kweli. Nayo, ukiichukua yote kwa pamoja, ni uongo. Ninakuandikia leo kwa sababu kesho utaondoka nayo katika begi lako, na siwezi kukubali mashine ifundishwe uongo wangu kisha iwafundishe wengine.

Nianze na mimi mwenyewe.

Unajua nilivyofundishwa. Mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa mtu ambaye angekurudisha nyumbani kwa sababu ya alama ya mkato. Alituambia kwamba sentensi isiyo na mwisho ni sawa na mlango usio na komeo. Nililiamini hilo, nikalibeba mpaka kazini. Kitabu changu cha zamu hakikuwa na ufutio. Vijana walioandika "umeme umekata" niliwarudishia kitabu mpaka waandike "umeme umekatika". Na nilipotoa amri kwa redio ya upepo, nilimalizia kwa neno hilohilo: "Washa laini ya pili. Nukta." Ndiyo maana waliniita Mzee Nukta. Walidhani sijui. Nilijua, na nilijivunia.

Hapa nyumbani nilikuwa vilevile. Unakumbuka ulipokuwa mdogo, nikikutuma dukani, ulizoea kuyarudia maneno yangu: "Chumvi moja, kiberiti kimoja, sabuni ya kipande, sivyo baba?" Nikakukemea. Katika nyumba niliyolelewa, mtoto hakumrudishia mkubwa maneno yake. Alipiga goti, akaitika, akaenda. Kumrudishia ilikuwa kama kumwambia kwamba humwamini. Basi ukaacha. Ukawa unaitika "ndiyo baba" na kuondoka mbio, na siku nyingine ulirudi na kiberiti bila chumvi, nami nikakukemea tena.

Na unaikumbuka siku ya taa ya sebuleni. Ulikuwa darasa la tano. Nilikuwa juu ya stuli, wewe umenishikia bisibisi. Nilikuwa nimezima swichi kuu mwenyewe. Ukasema, "Baba..." Nikasema, "Tulia." Ukasema tena, "Baba, lakini..." Nikasema, "Kabula, nimesema tulia. Nukta." Dakika hiyohiyo umeme ukanishika, nikaanguka pamoja na stuli hadi kwenye kabati la vyombo. Mama yako alikuwa amekuta pasi haina moto, akaenda kuwasha swichi kuu, nawe ulikuwa umemwona. Nilipopata pumzi nikakuuliza kwa nini hukusema. Ulijibu huku unalia, "Ulisema nukta."

Kisa hicho nilikisimulia kwa wageni kwa miaka. Walicheka, nami nilicheka kuliko wao. Sikuwahi kujiuliza kilikuwa kinanifundisha nini. Ulikuwa kidato cha pili nilipokuja kulipata jibu, na jibu hilo lilimgharimu mtu mkono.

Siku hiyo nilikuwa mkuu wa zamu katika kituo cha kupozea umeme. Ilikuwa saa nne na robo asubuhi. Umewahi kuingia chumba kile pakiwa shwari, ukaona taa zimetulia na mtu anakunywa chai. Hujawahi kukiona wakati gridi inaanguka. Ubao mzima huwaka nyekundu. Ving'ora vyote hulia kwa sauti moja, hata huwezi kutenganisha kipi kilianza. Simu tatu zinaita. Huko nje mji umenyamaza, kelele zote zimehamia kwako.

Katika dakika ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani kila mwendeshaji hulifanya: nilijitungia kisa. Wiki iliyotangulia transfoma yetu ilikuwa na hitilafu. Nikasema moyoni, ni transfoma. Baada ya hapo kila nilichokiona kilikuwa transfoma. King'ora kilichosema vinginevyo nilikizima, nikidhani kinapiga kelele tu. Nilipoteza muda mrefu kukagua transfoma isiyo na hitilafu, wakati tatizo lilikuwa mbali sana, na kanda yote ilikuwa gizani kama sisi. Kituo kikuu cha taifa ndicho kilichonipigia na kuniambia. Niliona aibu. Shika neno hilo, aibu, kwa kuwa limebeba sehemu kubwa ya kilichofuata.

Baadaye umeme ulitufikia tena kutoka juu, tukaambiwa tuurudishe kwa wateja hatua kwa hatua. Hospitali kwanza, kisha mji, kisha laini nyingine. Laini ya pili ilikuwa inaelekea upande wa Mwakitolyo, na njiani ilipita kwenye kituo kidogo cha swichi ambako Masanja alikuwa zamu peke yake. Masanja alikuwa mtu wa Nyang'hwale, mpole, mdogo kwangu kwa miaka michache tu, mwenye kuamkia hata kwa redio. Ungemwita, angeanza na shikamoo kabla hajauliza kuna nini.

Sasa sikiliza desturi ambayo hutaikuta katika taarifa yoyote. Kuomba laini izimwe ili fundi aitengeneze ilikuwa safari: fomu, sahihi, matangazo kwa wateja, na mara nyingi mwishoni jibu ni "ngojeni". Basi gridi ilipoanguka yenyewe, mafundi wa laini hawakukaa. Walilichukua giza kama mkulima anavyoichukua mvua ya kwanza. Walibeba ngazi, wakapanda kurekebisha kile kilichokuwa kinasubiri kwa miezi, wakashuka kabla umeme haujarudi. Tuliita kuvuna giza. Hapakuwa na kibali, hapakuwa na maandishi. Mimi mwenyewe nililivuna nilipokuwa fundi. Kila mtu alijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyeandika.

Asubuhi hiyo fundi mmoja aitwaye Luhende alipita kwa pikipiki mbele ya lango la Masanja, ngazi imefungwa ubavuni. Alipiga honi, akapaza sauti, "Masanja, ngoja nikawahi kile kikombe kilichopasuka!" Kikombe ni kile kigae kinachoshikilia waya juu ya nguzo. Masanja alimpungia mkono.

Nami sikumwita Masanja kwanza. Kwanza nilimsikia mwenzangu wa kituo cha upande wa Geita akizungumza kwenye redio ambayo wote tunaisikia.

"Wazee wa Shinyanga, bado mnafuta miwani? Sisi huku laini zote ziko hewani, tumeshachemsha na chai!"

Watu wakacheka kwenye redio. Mmoja akadakia, "Mwache Mzee Nukta, anahakiki tahajia!"

Hapo ndipo nilipomwita Masanja. Nakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, kwa kuwa nimeyasikia kila siku tangu hapo.

"Masanja, washa laini ya pili."

"Shikamoo mzee. Mzee, naomba kidogo nikwambie..."

"Masanja, nimekupa amri, sikukuletea mjadala. Washa laini ya pili. Nukta."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Sawa mzee."

Ndiyo hayo yote. Hayakuchukua hata nusu dakika.

Luhende hakufa. Walimshusha nguzoni, na hospitali iliyokuwa imepata umeme kwanza ndiyo iliyomwokoa. Lakini mkono wa kushoto haukuokolewa.

Tume ilipoundwa, mimi ndiye niliyetakiwa kuandika taarifa ya kituo, kwa sababu hakuna aliyeandika vizuri kuliko mimi. Nikaandika: "Fundi wa zamu hakutoa taarifa ya kuwepo kwa mtu kwenye laini kabla ya kutekeleza agizo." Ni kweli, hakuitoa. Sikuandika kwamba alianza kuitoa. Katika kituo kidogo, kama kwetu, hakukuwa na kinasa sauti, na waliokuwa wanasikiliza redio walikuwa wanacheka. Masanja aliulizwa kama alisema kwamba kuna mtu. Akajibu, "Hapana, sikusema." Hakuongeza kitu. Akaondolewa zamu, baadaye akaondolewa kazini.

Kabla ya kurudi kwao Kharumwa, huko Nyang'hwale, alikuja hapa nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni. Aliketi kwenye kiti hicho cha karibu na dirisha, akapokea maji kwa mikono miwili.

"Sikuja kulalamika mzee," akasema. "Nimekuja kuaga."

Nilipaswa kumwomba radhi. Badala yake nilimuuliza, kwa sauti ileile ya kazini, "Lakini Masanja, kwa nini hukusema?"

Aliitazama glasi yake. "Nilisema 'naomba', mzee. Ukasema nukta. Baada ya nukta, mtu kama mimi anasema nini kwa mtu kama wewe?"

Mama yako alikuwa jikoni. Alisikia. Masanja alipoondoka, alikuja kuichukua glasi, akasema neno moja tu: "Umesikia?" Nikamwambia sitaki mazungumzo hayo. Hakuyarudia, nami nilidhani nimeshinda.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa jambo moja. Umeme ulipokatika tu, mwanamke mmoja mwenye maduara kule Mwakitolyo, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, alinipigia simu akilia. "Mzee, feni ya kupeleka hewa imezima, vijana wangu saba wako chini!" Simu hiyo niliieleza kwenye tume. Wote walitikisa vichwa kwa masikitiko. Nani asingeharakisha, ikiwa kuna watu saba ardhini bila hewa?

Lakini alinipigia mara ya pili, na simu hiyo sikuieleza kwa mtu yeyote. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Wametoka wote, mzee! Wametoka kwa kamba. Nyie fanyeni kazi yenu taratibu, msije mkaunguza kitu." Simu hiyo ya pili ilikuja kabla sijamwita Masanja. Nilipomwita, hapakuwa na mtu hata mmoja chini ya ardhi aliyekuwa ananisubiri. Palikuwa na mtu mmoja juu ya nguzo, na palikuwa na mimi, ambaye sikutaka kuwa wa mwisho, na sikutaka tena kuchekwa.

Hiyo ndiyo sababu. Nimeigeuza kila upande, haina nyingine.

Mwaka jana nilipokwenda mazishini Chato, gari lilisimama Buseresere. Nikaona duka la vifaa vya umeme, na mwenye duka ana mkono mmoja. Ningeweza kubaki garini. Nilishuka. Luhende alinitambua kabla sijafika kwenye kaunta.

"Aisee, Mzee Nukta! Shikamoo. Karibu, nikupimie waya mita ngapi? Napima kwa mkono na meno, mteja hajawahi kupunjwa."

Sikuweza kucheka. Alicheka kwa niaba yetu sote. Aliniletea soda, akaniuliza habari za wazee wa kituoni, nani yuko hai. Kisha akauliza, "Na Masanja? Nasikia walimwonea. Mimi mwenyewe ndiye niliyepanda bila kibali, mzee. Alikuwa anajua niko juu. Mtu kama Masanja hawezi kunyamaza akijua niko juu, mpaka kuwe na kitu kilichomnyamazisha. Kilikuwa nini?"

Dereva alipiga honi. Nikaagana naye, nikapanda gari. Swali lake nililiacha kwenye kaunta pamoja na soda ambayo sikuimaliza. Wiki mbili zilizopita wewe uliniuliza lilelile, ukiwa hujamwona Luhende wala Masanja.

Sasa nikwambie ninachokiona kuhusu kazi yako, kisha uamue mwenyewe. Nimestaafu, na kompyuta yako siijui. Lakini gizani nimewahi kukaa.

Mnataka kumpa mwendeshaji kisa kimoja badala ya ving'ora mia. Ni jambo jema. Lingeniondoa kwenye transfoma yangu katika dakika ya kwanza, na ningekushukuru. Ila kumbuka kwamba siku ile sikukosa kisa. Nilikuwa nacho, tena kizuri, na uzuri wake ndio ulionizuia kumsikia mtu. Programu yako ikishamwambia mwendeshaji kilichotokea, imwambie pia ni nini isichokijua. Luhende hakuwa na king'ora. Hakuna waya uliofungwa kwenye ngazi yake. Habari zake zilikuwa katika kichwa cha mtu mmoja, nyuma ya lango moja, na njia pekee ya kuzifikia ilikuwa kumuuliza mtu huyo na kumngoja amalize.

Wenzako watakuambia kwamba wazee kama mimi watakataa kuitumia. Watakuambia tutabisha, tutasema mashine haijui kitu. Wapo watakaobisha, nao hawatakusumbua sana, kwa kuwa mbishi atakwambia pale ilipokosea. Mimi namwogopea Masanja. Yupo katika kila kituo. Ataisoma amri kwenye kioo, atakuwa anajua jambo ambalo kioo hakilijui, atavuta pumzi, kisha atasema "sawa". Atafanya hivyo kwa adabu, kwa sababu mashine imetoka makao makuu, imeandika bila kosa, na haikuacha nafasi. Mashine yako isiwe mimi, Kabula. Hilo ndilo ombi langu. Iache mwishoni mwa kila agizo mahali ambapo mtu wa zamu anatakiwa aseme anachokiona kabla mkono haujagusa swichi. Na isikubali "sawa" kuwa jibu. Imtake arudie alichoagizwa na aseme nani yuko kwenye laini. Nilikukataza jambo hilo ukiwa mtoto mwenye kiberiti mkononi. Nilikosea. Ulikuwa unafanya kazi ya mwendeshaji mzuri kuliko baba yako.

Nenda pia ukaulize katika vituo vidogo, usiishie katika chumba kikuu chenye viyoyozi. Uliza mafundi wanavuna nini gizani siku hizi. Hawatakujibu siku ya kwanza. Kaa nao unywe chai, uwaamkie, urudi siku ya pili.

Katika bahasha hii utakuta karatasi nyingine tatu. Ni taarifa mpya ya tukio lile. Simu zote mbili za Mwakitolyo zimo. Utani wa redioni umo. Maneno ya Masanja yamo mpaka pale yalipokatwa, na jina la aliyeyakata limo. Nimeweka sahihi yangu. Nakala ya kwanza nitaipeleka kwa shirika la umeme. Najua inaweza kuleta maswali juu ya mtu aliyekwisha kupewa cheti cha utumishi uliotukuka, kile mama yako alichokitundika sebuleni. Nimekishusha leo mchana. Ukipita utaona msumari umebaki. Usiutumie ule mfano wa zamani. Ukilazimika kuutumia, utumie pamoja na huu, ili programu yenu ijue kwamba taarifa iliyo wazi inaweza kuwa imemfunika mtu.

Lakini sitaituma kabla Masanja hajaisoma. Kesho basi lako la Dodoma litakapoelekea Tinde, mimi nitapanda gari la Kharumwa. Nimempigia. Mke wake ndiye aliyepokea. Nikajitambulisha. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya mbali, "Baba Shija, kuna mzee wako wa umeme." Masanja akaja.

"Shikamoo mzee."

Nikamwambia nataka kuja kumsomea kitu, na kwamba safari hii nitasoma kisha nitakaa kimya, hata akitaka kusema siku nzima.

"Njoo mzee," akasema. "Tunapura mpunga, lakini njoo."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Naweza kufika kule akaniambia jambo ambalo sitapenda kulibeba hadi nyumbani. Nitalibeba. Nimekwisha kumwambia mama yako. Aliniuliza, "Utakwenda kweli, au utamwandikia na yeye?" Nikamwambia nitakwenda. Akanitazama kama anavyokutazama wewe ukisema umeshiba. Sasa nasikia anaitafuta ile kanzu yangu ya safari kwenye sanduku, huku ananung'unika kwa Kisukuma kwamba mzee huyu amechelewa lakini ana miguu. Basi nadhani ameniamini.

Naweka bahasha hii juu ya begi lako, ili uisome kabla ya kulala na si baada ya kufika. Ingekuwa rahisi kwangu uisome ukiwa mbali. Ndiyo maana sikufanya hivyo.

Kesho asubuhi tutakwenda stendi pamoja, kila mmoja na gari lake. Huenda usiku huu ukaniona mtu mwingine, si yule uliyemzoea. Huenda ukawa na hasira kwa ajili ya Masanja, au kwa ajili ya kiberiti. Kama unalo neno, uje nalo. Gari langu halina saa maalumu, linajaa kwanza. Sema taratibu, na ukifika mahali ukasita, usidhani nimechoka kusikiliza. Ukimaliza, nitakurudishia maneno yako moja moja, ili uwe na hakika kwamba nimeyapata.

Baba yako